Niko Fine

Kwenye ukuta wa ploti ninayoishi, karibu na geti, keateka ameandika kwa rangi nyekundu: USIKOJOE HAPA. FAINI 2000. Nimekaa hapo miaka miwili na sijaona hata mtu mmoja akilipa. Watu hukojoa, keateka hufoka, siku inaendelea. Jioni moja mwezi wa Mei nilikuwa nimeegemea ukuta huohuo nikiongea na mamangu kwa simu. Akaniuliza habari ya mitihani. Nikamwambia, "Niko fine, mum." Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi mitano.

Nilipogeuka ndipo nikaona nilichokuwa nimeegemea. Faini na fine. Neno ni lilelile. Moja tumelibatiza likawa letu, lingine tumeliacha na suti yake. Nikaanza kujiuliza Waingereza walifikaje hapo, neno moja kwa kutozwa pesa na kwa kusema hujambo.

Yote yanaanzia kwenye Kilatini. Finis ni mwisho, na pia ni mpaka, pale shamba la mtu linapokomea. Wafaransa wa kale wakalifanya fin, wakimaanisha kitu kilichofikishwa mwisho wake, kilichokamilika hadi hakina cha kuongezwa. Kutoka hapo Mwingereza akapata fine ya kusifu. Na kwa kuwa kitu kikisafishwa na kusuguliwa sana huwa laini na chembamba, mchanga wa plasta ukawa fine, na yale maandishi ya sisimizi chini ya mkataba wa mkopo yakawa fine print. Finish, final, define, infinite, wote ni ukoo huo. Hata ukiona Fine mwishoni mwa wimbo ulioandikwa kwa noti, hicho ni Kiitaliano, kinasomwa fi-ne kama vile shosho yangu angekisoma, na maana yake ni: hapa acheni kuimba.

Ya faini ilitokea mahakamani. Uingereza ya kale, kulikuwa na makubaliano ya kumaliza kesi za ardhi mbele ya mahakama ya mfalme, na yaliitwa fine kwa sababu yalikuwa mwisho wa maneno. Yaliandikwa mara tatu kwenye ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mkato wa mawimbi, ili mtu akighushi, vipande vikiwekwa pamoja visishikane. Kila upande uliondoka na kipande chake. Kuanzia 1195 kile cha tatu, cha chini, kiliwekwa na serikali, na utaratibu huo uliendelea hadi 1833. Polepole neno likahama kutoka kwa makubaliano likaenda kwa pesa zinazolipwa ili jambo liishe. Finance nayo imetokana na kitenzi cha Kifaransa cha kale cha kumaliza, yaani kulipa deni hadi likaisha.

Hiyo ya finance ilinichoma. Masomo yangu yaliishia kwenye dirisha la ofisi yenye neno hilo mlangoni, mwaka wa nne, muhula wa kwanza. Nilikuwa na deni la karo la 38,000, na juu yake faini ya kuchelewa kujisajili. Bila kumaliza deni hupati kadi ya mtihani, bila kadi hufanyi mtihani. Kwa hivyo nilihitaji finance ndio nifinish, na fine ilikuwa imesimama katikati kama kanjo. Chuo sitakitaja. Si unajua, vingi viko hivyo.

Kitu ambacho faini hudai kufanya ni kumaliza jambo. Mwaka wa 2000, wanauchumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha utafiti wao kuhusu vituo vya kulea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wakichelewa kuja kuchukua watoto, basi baadhi ya vituo vikaanza kuwatoza faini. Waliochelewa wakaongezeka. Kwanza mzazi alikuwa akimwonea mwalimu haya. Sasa alilipa akaenda zake, moyo mweupe. Na faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Huko ni kwa wenye nazo. Hakimu wetu akisema faini au kifungo, mwenye pesa husikia faini, asiye nazo husikia kifungo. Ufini (jina tu limefanana, msinishike shati) wamekuwa wakipima faini kulingana na kipato cha mtu tangu 1921, na sijui kwa nini hilo linatushinda.

Lakini iliyonikosesha usingizi ni ile fine nyingine, kwa sababu nayo hufanya kazi hiyohiyo. Unatoa maneno mawili, jambo linafungwa.

Je, ni uongo? Mwaka wa 1797 Immanuel Kant aliandika insha akishikilia kwamba hata muuaji akibisha mlangoni kuuliza rafiki yako kajificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Niliisoma mwaka wa kwanza, ya kufanyia CAT tu, nikaona huyu mzee hana marafiki. Lakini katika kitabu kingine cha mwaka huohuo anajiuliza kama ni uongo mtu kufunga barua kwa "mtumishi wako mtiifu", na jibu lake ni kwamba hakuna anayedanganyika. Kwa kipimo hicho, soja wa supamaketi akiniuliza niko aje nami nikamjibu niko fine, hakuna dhambi. Sote wawili tunajua ni barua imefungwa. Mamangu alidanganyika. Na mimi nilitaka adanganyike.

Nyumbani kwetu salamu haziishi upesi. "Habari ya huko?" "Nzuri." "Watoto?" "Wazima, ila huyu mdogo anakohoa." Ile nzuri ya kwanza ni ya kufungua mlango tu, habari zenyewe ziko kwenye ila. Hata sijambo ni mtu anasema hana jambo, na kila mtu anajua kila mtu ana jambo. Kwa hivyo nilichagua Kiingereza makusudi. Ningesema nzuri, mamangu angengoja ila yake. Fine ni finis, ni mpaka, ni ua wa michongoma. Naye, akiheshimu kizungu cha mtoto aliyesomeshwa, hakuuruka.

Nilijitetea kwamba namlinda. Presha yake, umri wake, mambo hayo. Na pia nilidhani uongo wangu haumgharimu mtu, kwa sababu nilikuwa nimeacha kumwomba pesa.

Novemba akapiga. Fundi alitaka kujua rinda ni la mikono mirefu ama mifupi. Rinda gani? La mahafali yangu.

Nikasema, "Mum, la mikono mirefu ni zuri, ila..." Na ikatoka yote, karo, kadi, faini, zile kazi za kuandika mtandaoni ninazolipwa kwa neno. Alinyamaza hadi nikatazama simu kama imekatika. Kisha akasema, "Mwaka mzima nimekuombea mitihani ambayo hukufanya." Kumbe alikuwa akifunga kila Ijumaa. Mayai ya kuku wake alikuwa akiuza, anaweka kando pesa za gari la kuja Nairobi na za huyo fundi.

Nimeifikiria sana ile ngozi ya Waingereza. Ili jambo liitwe limeisha, pande mbili zilipaswa kukubaliana, na kila mmoja aende nyumbani na kipande. Mimi nilikata peke yangu, vipande vyote vitatu nikatia mfukoni. Bado sijui kama mtoto mzima ana haki ya kufunga jambo lake bila kumwuliza mzazi. Kuna siku naamini anayo, maisha ni yangu. Lakini zile Ijumaa hazikuwa zangu.

Wiki tatu hakupokea simu zangu. Rinda lilishonwa, alilivaa harusi ya binamu yangu, na picha akatuma kwa dadangu, mimi akaniruka. Siku hizi tunaongea. Akipiga huuliza, "Uko sawa, ama uko fine?" Jana nilimwambia sijalipa nyumba ya mwezi huu. Akauliza ni ngapi.