Nyumba Pana na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika mambo yanayoulizwa sana katika darasa zetu ni hili la kununua nyumba mjini. Wako wenzetu waliojikusanyia akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi, na sasa watamani kuondoka katika kodi ya kila mwezi. Wengi wao macho yameelekea kwenye majumba ya zamani ya ghorofa mjini Nairobi, huko Ngara, Pangani na Eastleigh: vyumba vipana, kuta nene, dari za juu na baraza za kupungia upepo. Mitaa hiyo yakaliwa na watu wa kila namna, Wasomali na Wahindi, Waswahili, Wakikuyu na Wakamba. Mwislamu apanga ngazi moja na Mkristo, Baniani na Singasinga. Na biashara haikatiki mpaka usiku. Basi waulizao wasema: Je, yafaa Mwislamu kununua hapo? Na akinunua, yampasa nini?

Jibu letu ni kwamba yafaa, tena ni jambo jema, kwa sharti mnunuzi ajue kuwa anunuacho si kuta peke yake. Ajitwika dhima tatu: dhima ya mali aliyolipia, dhima ya mkataba aliotia sahihi, na dhima ya jirani ambaye ukuta wao ni mmoja.

Kutamani upana si aibu. Bwana Mtume s.a.w., katika hadithi aliyoipokea Saad bin Abi Waqqas, ameihesabu nyumba yenye nafasi kuwa miongoni mwa mambo ya furaha ya binadamu. Na papo hapo akamhesabu jirani mwema. Yazingatieni haya. Mwenye kuipima nyumba kwa futi, wala asiangalie ujirani, ameishika nusu ya mafundisho na nusu ameitupa.

Ama dhima ya kwanza ni mali. Kila Mwislamu ajua kwamba Qurani imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Lakini yuko asemaye, "Mimi nina dharura." Ndugu yangu, dharura ni ya mtu aliyekabiliwa na maangamizo, si ya mwenye paa la kupanga juu ya kichwa chake ambaye roho yake imependa sebule kubwa. Na tangu mwaka 2008 zimekuwapo Kenya benki zifanyazo kazi kwa kanuni za sharia, kwa hiyo udhuru umepungua. Njia zao mbili zajulikana. Ya kwanza, benki hununua nyumba ikawa yake, kisha ikamuuzia mteja kwa bei isiyobadilika, iliyojulikana tangu siku ya mapatano. Ya pili, benki na mteja huimiliki kwa ushirika, naye mteja hununua fungu la benki kidogo kidogo, huku akilipa kodi ya fungu lisilokuwa lake bado. Walakini jina zuri halihalalishi kitu. Tembo likiitwa sharubati halibadiliki. Yatupasa kuusoma mkataba wote na kuuliza kila tusichokifahamu kabla ya kuweka sahihi.

Dhima ya pili ni mkataba wenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Sura ya Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba sisi wenye aya hiyo twauziana majumba kwa maneno ya mkahawani! Mnunuzi wa nyumba ya zamani sharti aende afisi ya ardhi, au amtume wakili, akatazame hati ni ya nani, ina rehani au haina, na kama ardhi ni ya mkodisho, imebakiwa na miaka mingapi. Zamani mwenye kununua nyumba ndani ya jengo la ghorofa aghlabu alipewa mkodisho wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya jengo. Sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuiondoa ile ya mwaka 1987, yampa kila mmoja hati ya sehemu yake, na yawafanya wenye sehemu zote kuwa shirika moja la kulitunza jengo. Sheria hiyo yahusu ardhi ya milki ya daima, au ya mkodisho uliobakiwa na miaka isiyopungua 21. Basi asiyeuliza miaka huenda akanunua nyumba ambayo wanawe hawatairithi.

Kisha aitazame nyumba yenyewe. Ukongwe una aibu zake: mabomba yaliyoota kutu, nyaya za umeme zilizochoka, paa linalovuja, ufa uliopakwa rangi. Muuzaji aujuaye ufa akaufunika kwa chokaa ameiondoa baraka ya bei yake kwa mkono wake, kwa kuwa Mtume ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo baraka hufutwa. Na mnunuzi naye amwite fundi. Inasikitisha kwamba wako wenzetu ambao, mahali pa kumwita fundi autazame msingi, humwita mganga auzingue mlango. Wakachinja kuku kizingitini, wakafukia hirizi pembeni, wakaingia ndani huku waya uliochubuka wawangoja ukutani. Waya huo haujui hirizi. Nyumba ya Mwislamu hufunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwa kisomo, na kwa kutengeneza kilichoharibika.

Dhima ya tatu ndiyo nzito. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Abu Rafii alikuwa na vyumba viwili ndani ya nyumba ya Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad avinunue. Saad akasema hatazidisha elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafii alikwisha kupewa na wengine dinari mia tano taslimu, nayo ni zaidi. Lakini alimpa Saad, kwa sababu alimsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Wanazuoni wetu wa Kishafii hawakumpa jirani asiye mshirika haki ya kuilazimisha bei. Hata hivyo sahaba huyu aliona ujirani una thamani ipitayo dinari. Leo twasikia wanaonunua jengo zima na kumtoa kwa siku chache mjane aliyepanga humo miaka thelathini. Huenda karatasi zao ni safi. Je, na majibu yao kesho?

Na asiseme mtu kwamba haki hii ni ya Mwislamu kwa Mwislamu tu. Aya ya 36 ya Sura ya Nisaa yamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali. Abdullah bin Amr bin Al-Aas alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza mara ya kwanza na ya pili kama jirani wao Myahudi amekwisha kupelekewa nyama. Na Bwana Mtume mwenyewe alifariki hali deraa yake i rehani kwa Myahudi, kwa pishi za shayiri alizozichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Huyo ndiye aliyekaa mji wa watu mbalimbali akaamiliana nao. Wewe wa Ngara una hofu gani?

Haki hiyo hujulikana kwa mambo madogo. Usitwange usiku juu ya kichwa cha mgonjwa aliye ghorofa ya chini. Usimwage maji barazani yakaangukia nguo za wenzako. Usizibe ngazi kwa magunia ya biashara yako. Harusi yako isiwanyime usingizi watu arobaini. Na yale malipo ya pamoja, ya paa, ya pampu ya maji na ya mlinzi, ni deni shingoni mwako. Yuko atoaye sadaka msikitini mbele za watu, na shirika la jengo lamdai miezi saba. Huyo na aanze kwa kulipa, kwani deni ni wajibu na sadaka ile ni hiari.

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Moto ukiwaka usiku wa manane, atakayeugonga mlango wako wa kwanza si ndugu yako wa Lamu, ni huyo Baniani wa mkabala. Basi kabla hujahesabu vyumba, hesabu milango iliyo karibu na mlango wako, ujiulize kama wenyewe watafurahi kwa kuja kwako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe nyumba zenye nafasi, mali ya halali, na majirani wema, na atujaalie nasi tuwe wema kwao. Amin.