Kwaruza Kwanza Kabla ya Kukata



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo iliyopita nilirudi nyumbani Rumonge kwa nia ya kupumzika. Nikakuta kikao cha familia kinaningoja chini ya mwembe. Nasema chini ya mwembe kwa mazoea tu, maana kivuli kilikuwa kimebaki nusu. Masika ya mwaka 2024 Tanganyika liliingia hadi uwanjani kwetu, kama lilivyowaingilia wengi wa ufukweni. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, ng'ambo huko Kalemie, kwa hiyo likijaa halishuki haraka. Maji yalipoondoka yaliacha tope zito. Mparachichi ulikauka mara moja. Mwembe ulivumilia, kisha upepo ukapasua panda yake, tawi kubwa likabaki linaning'inia kwa gome.

Mwembe huo aliupanda marehemu baba. Kaka yangu alikuwa ameshazungumza na wachoma makaa. Mimi na yeye hatukuwa tukisemezana vizuri tangu mambo ya mirathi, na nakiri mbele yenu kwamba nilipopinga usikatwe, nusu ya upinzani wangu ilikuwa kumpinga yeye, si kuutetea mti. Nia, ndugu zangu! Mtu aweza kusimamia jambo jema na ndani nia imeoza.

Mama ndiye aliyetukata kauli. "Mmeshaukwaruza?" aliuliza. Tukatazamana.

Akaitwa mzee jirani, mtu wa michikichi tangu ujana wake. Alikwaruza kijiti kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa kijani. Akalizunguka shina akilipapasa. Upande mmoja gome limechunika, lakini si mduara mzima. Alitueleza kuwa chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kwa njia ya gome, na gome likivuliwa kuzunguka shina lote mizizi hufa njaa, hata kama juu majani bado yapo. Wetu ulikuwa na njia bado.

Tawi lilitaka watu wawili, mmoja wa kamba na mmoja wa msumeno. Hapo hatukuwa na budi kusemezana. "Vuta, kaka." "Legeza kidogo." Kwanza tulikata kidogo kwa chini, ndipo tukakata juu, ili tawi likianguka lisichune shina. Kisiki kilichobaki tulikikata karibu, lakini nje ya ule uvimbe wa kitako cha tawi, kwani hapo ndipo mti unapoanzia kulifunga jeraha. Nilitaka kupaka rangi. Mzee akakataa, kidonda kikauke kwa hewa. Halafu siku tatu za jembe na karai, kuondoa tope shinani mpaka mizizi mikubwa ikaonekana, maana mizizi nayo hupumua. Mikono yangu ya kalamu ikatoka malengelenge. Kaka alicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza baina yetu kwa muda mrefu.

Nikichimba nilimkumbuka Salman Al-Farisi (r.a.). Bwana wake alikubali kumwacha huru kwa mitende 300 na wakia 40 za dhahabu. Imamu Ahmad amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwataka maswahaba wamsaidie ndugu yao, huyu akaleta miche 30, yule 20, mwingine 15. Salman akachimba mashimo, na Mtume akaipanda kwa mikono yake mitukufu. Na tumejifunza kutoka kwa Bukhari na Muslim kuwa anachokipanda Muislamu, akila humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Baba yuko kaburini. Embe analookota mtoto wa madrasa, hata lile linaloliwa na popo usiku, tunataraji linamfikia. Sisi tulikaribia kulifunga daftari hilo kwa magunia machache ya makaa.

Mzee alisema neno jingine: mti hauponi kama nyama inavyopona. Pale palipoharibika hubaki palipoharibika. Mti hupazingira na kujenga mbao mpya pembeni mpaka paufunike. Nimewaza sana juu ya toba kwa neno hilo.

Sasa nyinyi mnaokaa bweni. Yuko mwenzetu aliyekuwa safu ya mbele katika mwaka wa kwanza, leo haonekani hata Ijumaa. Tumeshamkata kwa midomo: "Yule basi tena." Nani kati yetu amemkwaruza? Nani amegonga mlango wake, bila mawaidha, akamwuliza tu habari za mama yake? Najiuliza mimi kwanza. Wangu anakaa ghorofa ya juu yangu, na muhula mzima nimepanda ngazi zile kwenda kwa wengine.

Juma lililopita kaka alinituma picha: machipukizi mekundu kandokando ya jeraha. Mirathi bado haijaisha. Tutakaa na sheikh likizo ijayo, inshallah, palepale mwembeni. Leo baada ya Isha napanda ghorofani.

Wabillahi tawfiq.