Mtoto Aachiwe Kadiri Gani? Maneno juu ya Miaka iliyo Baina ya Tamyizi na Baleghe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Wazazi hawakhitalifiani katika mtoto mchanga, kwani huyo hushikwa mkono. Wala katika aliyebaleghe, kwani hukumu zake zajulikana. Wanayekhitalifiana ni huyu wa katikati, aliyetimiza miaka saba na hajabaleghe. Je, aende sokoni peke yake? Apewe fedha mkononi? Ashuke pwani na wenziwe? Baba mmoja humfungia ndani mithili ya kuku wa mayai. Mwingine humwacha akazurura mpaka baada ya Isha. Na kila mmoja hudai kwamba alifanyalo ndiyo mapenzi.

Sheria haikumwacha mtoto huyu bila ya jina. Wanazuoni humwita mumayizi, yaani mwenye kupambanua: awezaye kula, kunywa na kustanji peke yake. Afikapo miaka saba huamrishwa Sala. Afikapo kumi hutiliwa mkazo, na watoto hutengwa malazi. Katika Surat Nnur, aya ya 58, asiyebaleghe ametakiwa abishe hodi kwa wazazi wake katika nyakati tatu tu. Katika aya ya 59, akisha baleghe, hana budi kubisha wakati wote. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, wazazi wakiachana, mumayizi huulizwa yeye akae kwa nani. Na kauli yake husikizwa, ingawa kuuza kwake hata kibaba cha mtama hakusihi. Basi utu uzima haumjii mtu kwa usiku mmoja. Hupandwa daraja kwa daraja, na kila daraja ina haki yake na mpaka wake.

Lililo wazi zaidi ni agizo la kujaribu. Katika Surat Nnisaa, aya ya 6, mawalii wameamrishwa wawajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza jambo hili katika Minhaji, kitabu kilichosomeshwa sana katika pwani hii. Mtoto wa mfanya biashara hujaribiwa katika kununua na kuuza. Wa mkulima katika ukulima. Na mtoto wa kike katika mambo ya nyumba. Hujaribiwa zaidi ya mara moja, tena kabla ya kubaleghe. Mtoto hupatana bei mwenyewe kwa ulimi wake, na ufikapo wakati wa kufunga akidi, walii ndiye aifungaye. Na wafasiri wa kitabu hicho wamesema kwamba fedha aliyopewa ya kujaribiwa ikipotea mkononi mwake, walii hadaiwi, kwani alitoa kwa kuamrishwa.

Yafaa kulizingatia hilo. Mali ya yatima ni kitu ambacho Sheria imekitisha sana; hata hivyo sehemu yake imeruhusiwa kutiwa khatarini ili mtoto apate kujifunza. Kwani mtoto hana kalamu juu yake: jema lake lina thawabu, na kosa lake haliandikwi. Miaka hii ndiyo miaka ambayo kukosea ni rakhisi. Baba amzuiaye mwanawe asijaribu neno mpaka abaleghe, humpeleka mbele ya kalamu inayoandika na hali mkono wake haujazoea kazi. Amemhifadhi na makosa madogo, akamwekea makubwa.

Pengine atasema mtu: “Lakini mimi ni mchunga, nami nitaulizwa juu ya nilichokichunga. Akizama baharini, nitajibu nini?” Maneno haya ni ya haki, na jawabu lake ni kupambanua baina ya hasara mbili. Iko hasara yenye kurudi, na iko isiyorudi. Senti zilizopotea dukani, samaki aliyenunuliwa ghali, kanzu iliyochanika: hizi zarudi, na ndizo ada ya masomo. Ama maji ya bamvua kwa asiyejua kuogelea, barabara ya magari, na urafiki na watu wazima wasiojulikana, hayo hayafanyiwi jaribio. Hapo baba huongoza kwa mkono wake: amfunze kuogelea yeye mwenyewe, kisha ndipo amruhusu.

Wala mtu asidhani kwamba kumtuma mtoto kuuza vitumbua usiku ni kumpa uhuru. Uhuru wa mtoto ni ule ambao faida yake ni ya mtoto. Ule ambao faida yake ni ya baba, huo ni utumishi.

Na kiigizo ni Mtume, S.A.W. Anas bin Malik alianza kumtumikia akiwa na umri wa miaka kumi. Siku moja alitumwa, akasimama njiani kwa watoto wanaocheza. Mtume alimjia kwa nyuma, akamshika kisogo huku akicheka, akamwuliza kama amekwenda alikotumwa. Hakumtukana, wala hakumpokonya kazi akampa mwingine. Na ni Anas huyo huyo aliyeaminiwa siri, hata mamaye alipomwuliza haja aliyotumwa hakumwambia, na mama akamwusia asimwambie mtu yeyote siri hiyo. Amana haikungoja ukamilifu wa mtoto. Amana ndiyo iliyomkamilisha.

Basi kila baba amtazame mwanawe, asimtazame wa jirani, kwani watoto hawalingani hata wakiwa wa tumbo moja. Ampe jambo moja, amwangalie kwa mbali, amwulize khabari zake arudipo, na akikosea amweleze pasi na kumfedhehi mbele ya watu. Akilitengeneza, amwongeze la pili. Akiliharibu, amrudishe daraja moja, wala asimrudishe chini kabisa.

Mwenyezi Mungu awaongoze wazazi katika wema wa watoto wao, na awafanye watoto wao kuwa kitulizo cha macho. Amin.