Je, Asiyezaliwa Bado Ana Haki Juu Yetu?



Katika chuo cha dini ninakofundisha, mbali na nchi ya kwetu, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu upesi. Tulikuwa tukisoma habari za haki: haki ya wazazi, ya jirani, ya yatima. Akasema: "Mwalimu, hao wote wapo. Lakini mtu asiyezaliwa hayupo. Hawezi kudai, hawezi kushukuru, wala hawezi kulipa. Ana haki gani juu yangu?"

Nalileta swali hilo mbele yako kwa sababu siku hizi serikali zinapanga mipango ya nishati na ya kuzuia mabadiliko ya tabianchi kwa ajili ya miaka mingi ijayo, na mipango yote hiyo imesimama juu ya jibu la swali hili. Tusiseme hewani, twende Tabora.

Mji huo, ambao wageni wa karne ya 19 waliuita Kazeh, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Biashara iliyoustawisha ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, yaani ilikula wanyama na ikala watu. Ndovu walipopungua mahali, misafara ilisogea mbele, hata ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, katika nchi ambayo leo ni Kongo ya mashariki. Hakuna aliyefikiri juu ya atakayekuja nyuma.

Lakini kandokando ya njia ile ile ilisalia miembe. Ipo Kwihara, karibu na Tabora, na ipo Ujiji. Mwembe uliopandwa kwa kokwa hauna haraka. Kivuli chake kikubwa hukaliwa na wengine. Na hata kama baadhi iliota kwa kokwa zilizotupwa na wapita njia, ilikua kwa kuwa waliofuata hawakuikata. Basi njia moja imetuachia urithi wa namna mbili: hasara ya waliokula wakaenda zao, na kivuli cha waliopanda au waliozuia mashoka yao.

Leo ndovu wa Tabora ni mti. Msitu wa miombo ndio unaowapa watu mninga na mkurungu, na ndio unaowalisha nyuki waliousifisha mkoa huo kwa asali. Msitu huo huo hutoa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na mkaa wa majiko ya mjini. Umeme umefika mahali pengi, lakini taa si jiko. Aliyewasha taa jioni bado anapikia mkaa. Na tanuri la mkaa lina desturi ya msafara wa pembe: miti ikiisha hapa, husogea mbele. Miti ikiteketezwa bila kuachwa iote tena, udongo hubaki uchi, na ile hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya miti hurudi angani kuzidisha joto la dunia.

Sasa tuangalie mafundisho. Qur'ani Tukufu yatukumbusha kwamba ni Mwenyezi Mungu aliyetufanyia moto kutokana na mti mbichi (36:81). Basi moto wa kuni ni neema, wala si dhambi. Lakini pia yatufundisha kwamba Yeye ameweka mizani na kutukataza kuipita (55:8-10). Tena yafaa ikumbukwe sheria ya mirathi. Mtu akifa na kumwacha mkewe mjamzito, mafakihi wameafikiana kwamba mimba ile ina fungu lake, na warithi hawawezi kuligawana kana kwamba haipo. Mtoto huyo hadai, wala hajapata jina. Lakini haki yake inahifadhiwa, kwa kuwa haitokani na madai yake, bali yatoka kwa Mwenye mali. Kama ndivyo ilivyo kwa shamba la mtu mmoja, itakuwaje kwa ardhi yote, ambayo sisi tu wadhamini wake tu?

Huenda mtu akasema: "Hayo ni maneno ya walioshiba. Mchoma mkaa ana watoto waliozaliwa, nao wana njaa leo."

Pingamizi hili ni zito, na asiyelisikia moyoni hafai kusema juu ya haki. Mtukufu Mtume s.a.w. alitoa mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu, wengine chini. Wale wa chini, kila walipotaka maji, iliwabidi wawapitie wale wa juu. Wakaazimia kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Lakini tazama, msomaji: wale wa chini hawakuwa waovu, walikuwa na kiu. Kwa hiyo naona kwamba mwenye kuushika mkono wa mtoboaji ana wajibu wa kumpa maji. Anayemwambia maskini aweke shoka chini hana budi amwoneshe moto mwingine.

Hapo ndipo mpango wa serikali unapopimwa. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Na taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Shabaha hiyo ni njema. Lakini ahadi haiivishi ugali; gesi au umeme usipofika kwa bei anayoiweza mwenye jiko, atarudi kwenye mkaa.

Ushahidi kwamba yawezekana uko jirani, Shinyanga. Huko miti ilikuwa imefyekwa ili kuwaangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata nchi ikaelekea kuwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Haukufanikiwa kwa miche peke yake, bali kwa kurudia desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili, ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili iwafae mifugo wakati wa kiangazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudia uoto wake. Maskini hawakuambiwa wafe njaa kwa ajili ya wajukuu. Kutoka ngitili walipata majani, kuni na asali.

Basi nilimjibu mwanafunzi wangu hivi: Mtume s.a.w. alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwako mna mche, uupande kama waweza. Mche huo nani angeukalia kivuli? Hakuna. Ikiwa wema usiotarajiwa kumfaa yeyote umeamrishwa, sembuse ule utakaomfaa anayekuja kwa hakika?

Na wewe, msomaji, usingoje mpango ukamilike. Mkutano wa kijiji ukijadili msitu, nenda ukaseme. Ukiwa na uwezo wa kupika bila mkaa, anza wewe kabla ya kumlaumu maskini. Nasi tumwombe Mwenyezi Mungu asituhesabu miongoni mwa waliokula wakaenda zao. Amin.