Deni la Mgeni

Methali yetu husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma kama onyo kwa mvivu, na onyo hilo limo. Lakini itazame tena, msomaji, utaona kuwa imebeba swali gumu. Mtu akikaa katika nyumba isiyo yake, akala chakula chake na kulala chini ya dari yake, anawiwa nini na nyumba hiyo? Na ikiwa amelipa fedha kwa kila siku aliyokaa, je, angali anawiwa kitu?

Swali hili si la kale tu. Katika miji ya pwani kama Lamu na Unguja huja vijana kutoka nchi za mbali kujifunza Kiswahili, na wengi wao hawakai hotelini. Hupangiwa kuishi na jamaa za mji, wakala sinia moja na watoto wa nyumba kwa majuma au miezi. Desturi ya kuwapeleka vijana ugenini kwa namna hii ina umri. Mwaka 1932 Mmarekani Donald Watt alianzisha safari za vijana wa kwao kwenda Ulaya, kwa imani kuwa watu wa mataifa hawatajuana sawasawa mpaka wakae pamoja. Vijana wetu nao huenda ng'ambo kusoma, wakapokewa na jamaa wasiowajua. Basi jambo hili lakuhusu: huenda siku moja ukawa mgeni, au ukawa mwenyeji.

Jibu la kwanza lijalo akilini ni jepesi. Mgeni husema, "Nimelipa, kwa hiyo sidaiwi." Naye huhesabu kitanda, wali na maji ya kuoga, vitu vyenye bei. Wengine hujibu kinyume chake: husema kwamba fedha zikiingia mlangoni ukarimu hutokea dirishani, na kwamba mwenyeji apokeaye malipo ni mchuuzi tu. Naona pande zote mbili zimepotoka, na pwani yetu yenyewe ni shahidi.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Mogadishu kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa. Ameeleza kuwa chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa sahani yake mmoja wa wafanya biashara, akatangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanya biashara yule, ila akiwa na wenyeji wengi aliowajua, alikaa nyumbani kwa kijana huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia. Mtu akimpunja mgeni, au akimuuzia kitu mwenyeji asipokuwapo, mapatano hayo yalitanguka.

Hapo biashara na ukarimu vilikaa chini ya dari moja wala havikugombana. Mwenyeji alipata faida yake, na hakuionea haya. Kilichomtenga na mchuuzi wa sokoni ni dhamana. Mchuuzi akikuuzia embe, hadaiwi usalama wako ukishageuka kona. Mwenyeji alisimama mbele ya mji wake akasema: anayemdhulumu huyu amenidhulumu mimi. Maneno hayo hayana bei, na kwa hiyo hayawezi kulipwa kwa fedha. Hulipwa kwa dhamana nyingine, nayo ndiyo deni la mgeni.

Ili uone uzito wa deni hili, fikiri juu ya pepo zetu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mabaharia wakangoja kusi iwarudishe kwao. Siku ilipofika, mgeni alitweka tanga akaenda zake, mwenyeji alibaki. Leo kijana huenda kwa ndege badala ya jahazi, lakini mambo hayakugeuka. Kosa alilolifanya mgeni mtaani halisafiri naye. Hubaki barazani kwa mwenyeji, likazungumzwa msikitini, kisimani na sokoni. Mgeni akipita njiani amevaa nguo ya kuogelea, majirani hawatamwuliza yeye. Watamwuliza mama aliyempokea. Akila hadharani mchana wa Ramadhani, aibu itaandikwa kwa jina la nyumba. Huyu ametenda, na yule amelipa. Ni dhuluma gani iliyo wazi kuliko hiyo?

Waashi wa Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, walilijua jambo hili. Nyumba zao za mawe humkaribisha mtu kwa hatua. Kwanza ni daka, lenye mabaraza ya kukalia mbele ya mlango. Huko huishia wengi wenye shughuli ya kupita. Kisha kuna sabule, chumba cha wageni. Vyumba vya ndani ni vya watu wa nyumba. Kila hatua ni cheo cha imani. Sasa mtazame kijana aliyetoka ng'ambo: huvushwa daka kwa siku moja, akaketi jikoni na akina mama. Hupewa siku ya kwanza kitu ambacho jirani wa miaka mingi pengine hakukipata. Akimpiga picha mama wa nyumba alipokuwa kichwa wazi, akaitawanya kwa simu duniani kote, amefanya nini? Ameibomoa kuta ambayo mwenyewe aliifungua mlango kwa hisani.

Huenda ukauliza: je, mgeni aiache dhamiri yake kizingitini pamoja na viatu? Methali nyingine hutuambia tukifika kwa wenye chongo tuvunje letu jicho. Ni methali ya hekima, lakini kila hekima ina mpaka wake. Mpaka wenyewe naona ni huu. Desturi ikiwa inanigharimu raha yangu tu, kama vile kula kwa mkono, kuvaa nguo ndefu penye joto au kurudi kabla ya giza, niifuate, maana ugeni wa jambo si uovu wake. Lakini nikiona mtu anaumizwa, tuseme mtumishi mdogo anapigwa au ananyimwa ujira, adabu haiwezi kuninunulia ukimya. Hapo nimwendee mkubwa wa nyumba faraghani, niseme kwa heshima, na ikibidi niondoke. Mgeni anayenyamazia kila kitu ni mwoga aliyevaa joho la adabu.

Mwenyeji naye asijisahau. Ikiwa mgeni ana uwezo wa kuudhi na kuondoka, mwenyeji ana uwezo wa kumwonea mtu asiye na ndugu wala lugha ya kujitetea. Akimwona mgeni kama mkoba uliofunguka, akamwongezea bei kwa kila glasi ya maji, ameivunja dhamana kabla ya mgeni kuivunja. Tena yuko mwenyeji mwingine ambaye kosa lake hufanana na wema: humtumikia mgeni kama sultani, hamkanyi, hamtumi, wala hamwambii kweli. Huyu amemfungia mgeni sabuleni milele.

Ndipo sasa tunaweza kulielewa lile jembe. Penye bahari na mchanga jembe laweza kuwa ufagio, ndoo ya maji, au mbuzi ya kukunia nazi. Anayepewa mbuzi siku ya tatu, akakuna nazi vibaya, akachekwa na kufundishwa, amepandishwa cheo. Mteja hachekwi, wala haulizwi kwa nini amechelewa. Hayo hufanyiwa mwana wa nyumba. Naye mgeni anayelipokea jembe kwa moyo mweupe amekubali kuwa jina la nyumba ile ni jina lake, akalilinda mtaani kama mwenyeji anavyomlinda yeye.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukienda ugenini, lipa unachotakiwa kulipa kwa wakati, bila kunung'unika, kisha usijidhani umemaliza. Jiulize kila jioni: leo nyumba hii imepata sifa au aibu kwa ajili yangu? Na ukimpokea mgeni, mpe chakula, mpe kweli, mpe na jembe. Fedha humalizana siku ya hesabu. Dhamana hubaki, hata pepo zikigeuka mara nyingi, na mtu aliyeitunza akirudi kubisha hodi miaka mingi baadaye, hataulizwa amekuja kukaa siku ngapi.