Je, Tuliyemsaidia Ana Deni Kwetu?

Vyama vya matendo ya huruma katika parokia zetu hukutana na swali ambalo si rahisi kulitamka kikaoni: je, mtu tuliyemsaidia ana deni kwetu? Kwa midomo tunasema hapana. Lakini moyoni mara nyingi tunatazamia alipe kwa namna fulani: kwa shukrani, kwa utii, au kwa kuonekana kwenye Jumuiya kila wiki.

Sisi tunaoishi Chemchem na mitaa mingine ya Tabora tuna sababu ya kulipima swali hili kwa makini. Mji wetu ulikua katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Katika njia ile walipita wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliobeba mizigo kwa ujira waliokubaliana. Walipita pia watumwa, ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Katika miaka ya 1880, Mapadre Weupe walikuwa na kituo pale Kipalapala, walikolelewa watoto waliokombolewa utumwani. Kumkomboa mtoto kulikuwa na bei, na hapo palikuwa na jaribu kubwa. Anayelipa bei ya mtu anaweza kudhani kwamba sasa mtu huyo ni wake. Mtoto angeweza kutoka mikononi mwa bwana mkali na kuingia mikononi mwa bwana mpole, naye akabaki bado ana bwana. Ukombozi unakamilika pale tu aliyekombolewa anapokuwa huru hata mbele ya mkombozi wake.

Tumtazame Adrian Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na Mapadre Weupe kule Algeria, kisha akasomea uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mlei, mwenye mke. Deni hulipwa likaisha, lakini yeye alihudumu miaka 67. Huduma ya namna hiyo hatuwezi kuiita malipo. Ni zawadi ya mtu huru, na hakuna ambaye angeweza kumdai.

Mwenye Heri Frederic Ozanam alilielewa jambo hili. Mwaka 1833, akiwa mwanafunzi wa miaka 20 mjini Paris, yeye na wenzake walianzisha shirika tunaloliita leo Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Mtawa Rosalie Rendu aliwaelekeza kwenye nyumba za maskini, nao wakaenda kuwatembelea hukohuko. Baadaye Ozanam alifundisha kwamba kuna msaada unaomdhalilisha mtu na msaada unaomheshimu. Unamdhalilisha unapomwona kuwa tumbo la kujazwa tu. Unamheshimu unapokuja pamoja na ziara, mazungumzo na urafiki, kwa sababu hapo anayetoa naye hupokea.

Wengine watapinga: je, shukrani si wajibu? Na fedha za kisanduku si jasho la waamini? Hoja hizi zina uzito. Shukrani ni wajibu kweli, lakini mtu huidai kwake mwenyewe, hawezi kuikamua kwa jirani yake. Bwana wetu aliponya wakoma kumi, akarudi mmoja. Aliuliza wale tisa wako wapi, lakini hakuwarudishia ukoma wao. Nazo fedha za kisanduku, mara tu zinapotolewa, ni mali ya maskini; sisi ni watunzaji. Ndiyo maana ni haki kuchunguza kama nyumba fulani ina njaa kweli. Si haki kuchunguza kama walio na njaa wanatupenda.

Msamaria Mwema naye alitoa dinari mbili na kuahidi kurudi. Lakini alirudi kwa nani? Ahadi yake ilikuwa kwa mwenye nyumba ya wageni, amlipe gharama iliyozidi. Kwa majeruhi hakuacha sharti lolote, wala hakumtaka amfuate kwenda kusali Samaria. Wahenga wetu walisema: tenda wema, nenda zako.

Basi mama tuliyekuwa tukimpelekea unga na maharage akihamia kanisa jingine, na watoto wake bado wanalala njaa, chama kifanye nini? Kimpelekee unga. Vivyo hivyo kwa bibi mjane Mwislamu anayeishi ukuta kwa ukuta na sisi. Tuende wawili wawili, tukae, tumsikilize, na tusiyatangaze ya nyumba yake. Akituuliza kwa nini tumekuja, tumjibu kwa ukweli kwamba ni kwa ajili ya Kristo. Asipouliza, unga ule unatosha.

Jambo hili litatugharimu. Wengine watatusema kwamba tunalisha watu wa nje, na wengine wataacha kuchangia. Tukubali gharama hiyo. Kristo alitukomboa kwa damu yake, bei ambayo hakuna awezaye kuirudisha, na hata hivyo anatuacha huru kumpenda au kumkimbia. Kama yeye hakutufunga kwa deni hilo, sisi tutamfungaje jirani yetu kwa debe la unga?