Haki ya Mtoto Asiyejua Kusema



Mwalimu wetu alituuliza darasani: Haki ya mtu yatoka wapi? Wengine wakajibu, yatoka katika sheria za nchi. Wengine wakasema, yatoka katika Tangazo la Umoja wa Mataifa la tarehe 10 Desemba 1948. Mimi sikujibu neno, maana moyo wangu ulikuwa umekwenda nyumbani kwetu Singida, nikamkumbuka dada yangu mdogo.

Yeye alipokuwa na umri wa miezi michache alishikwa na homa, akalia kila alipokojoa. Watu wa nyumbani wakasema, Ni lawalawa. Ngariba akaitwa usiku. Mimi nalikuwa mtoto bado, nikaambiwa nikae mlangoni, nikimwona mgeni nikohoe. Nikakaa. Hakuja mgeni. Mama yangu ni Mkristo aliyebatizwa, na usiku ule aliomba, nalimsikia akiomba.

Kwa wasomaji walio mbali yafaa nieleze. Lawalawa ni jina ambalo watu wa Singida na Dodoma huyapa maradhi ya sehemu za siri za watoto wa kike, yaani muwasho, vipele na maumivu ya mkojo. Tangu miaka ya 1970 habari zake zimeenea, na wengi wamesadiki kwamba ni adhabu ya mizimu kwa sababu desturi ya kukeketa imeachwa, na kwamba dawa yake ni kukeketa tu. Waganga wa hospitali wasema sivyo. Nchi yetu ni kame. Mahali ambapo maji huchotwa mbali, si rahisi kumwogesha mtoto kila siku, na maradhi ya namna hiyo hupata nafasi. Huponywa kwa usafi na kwa dawa za zahanati. Kisu hakiponyi kitu, bali chaleta kutoka damu, na pepopunda, na baadaye taabu wakati wa kuzaa.

Basi nirudi kwenye swali. Sheria ya nchi yetu iliyokataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ilitungwa mwaka 1998, nayo yaweka kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Je, waliokeketwa mwaka 1997 hawakudhulumiwa? Damu yao ilikuwa ile ile. Kwa hiyo sheria haikuiumba haki, iliikuta.

Wazee kwetu husema kwamba mambo haya ya haki ni ya Wazungu, na neno lao lisidharauliwe. Mwaka 1948 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, wala watu wetu hawakuulizwa shauri. Tena twajua habari za Kenya za mwaka 1929, jinsi misioni kadhaa zilivyowataka Wakikuyu Wakristo waikane desturi hii, na wengi wakatoka kanisani wakajenga shule zao wenyewe. Katika magomvi yale watu walishindana juu ya ardhi na utawala na heshima ya kabila, na nionavyo mimi, msichana mwenyewe karibu alisahauliwa.

Lakini nawauliza wazee wangu kwa heshima: Hapo zamani mtu akimjeruhi mwana wa jirani, je, aliachwa aende zake? Hapana, alidaiwa. Walijua vema, basi, kwamba mwili wa mtu si mali ya mwingine. Haki hawakuikosa, walikosa kumhesabu mtoto wa kike miongoni mwa wenye kudai. Wala kosa hili si la kabila letu peke yake, maana kila taifa lina watu liliosahau kuwahesabu.

Sisi tuliofundishwa Katekisimo Ndogo ya Luther twajua kwamba amri ya tano haikomi katika kutokuua. Luther aifafanua kuwa tusimdhuru jirani mwilini, tena tumsaidie katika kila shida ya mwili. Nalikariri mafundisho hayo mbele ya mwinjilisti pasipo kukosea, nikasifiwa. Haikunijia hata mara moja kwamba jirani yangu ni yule aliyefungwa mgongoni mwa mama yangu.

Je, mama ana hatia? Swali hili limeninyima usingizi. Upendo wake ulikuwa wa kweli, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Alichokijua tu ndicho kilichokuwa cha uongo. Siwezi kumhukumu sawa na mtu afanyaye uovu akiujua. Lakini kovu haliulizi nia ya mtu, na dada yangu atalichukua maisha yake yote. Nadhani imetupasa kusema maneno yote mawili bila kulipunguza moja kwa ajili ya jingine: mama alipenda, na mtoto alidhulumiwa.

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 10 katika kila 100 nchini walikuwa wamekeketwa. Mkoani Singida walikuwa 31. Na katika wote waliokeketwa, zaidi ya theluthi moja walikeketwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sheria iogopwayo lakini isiyosadikiwa huwafanya watu wajifiche, na mahali pa kujificha pamepatikana katika uchanga wa mtoto. Msichana wa miaka 12 aweza kukimbilia kwa mwalimu wake. Mtoto wa miezi miwili hana pa kukimbilia. Sisemi sheria iondolewe, la. Nasema haifiki usiku ndani ya nyumba isipokuwa yuko mtu ndani aliyeisadiki.

Mwezi uliopita mke wa kaka yangu alijifungua binti, na bibi yetu ameanza kutaja lawalawa. Rafiki yangu anishauri niende polisi. Nikienda kabla ya kusema na bibi, nitakuwa nimemshtaki mtu ambaye hajafundishwa. Nikinyamaza, nitakuwa nimekaa mlangoni tena. Nimemwandikia shemeji ampeleke mtoto zahanati mara aonapo homa, asingoje shauri la mtu. Na kaka nimemwambia wazi kwamba kisu kikitajwa tena nitakwenda kwa mtendaji wa kijiji, ingawa ni nyumba yetu. Hajanijibu.

Nanyi walimu wa mafundisho ya ubatizo, nawaomba: mkiketi na wazazi, waulizeni jambo hili kwa kinywa, msiogope aibu. Tena mwiteni na bibi, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aamuaye. Siku ya kubatizwa mtoto wetu haijawekwa bado.